Filamu za Bure na Deni la Mtazamaji
Onyesho la bure la filamu za utamaduni na wanyama wa China huzua swali la kale la maadili: je, zawadi humfunga anayeipokea? Mwaka 2015, mjini Johannesburg, Rais Xi Jinping aliahidi kufikisha televisheni ya setilaiti katika vijiji 10,000 vya Afrika. Nchini Kenya mradi ulitekelezwa na kampuni ya StarTimes ya China, na taasisi za umma vijijini, zikiwemo shule, zikapata projekta na televisheni. Wazo lenyewe si geni. Kati ya 1935 na 1937 Waingereza walizungusha sinema za mafunzo Afrika Mashariki kwa lori.

Mwanaanthropolojia Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake ya 1925 kuhusu zawadi, alishikilia kwamba kila zawadi hudai malipo. Hoja hiyo ina nguvu, ila humdharau mtazamaji. Mkulima wa eneo la Kwanza, magharibi mwa Kenya, anayetazama panda akitafuna mianzi anajua kwamba Mlima Elgon nao una mianzi, na kwamba nzohe, swala wa majimaji, wamo katika kinamasi cha Saiwa, karibu na Kitale. Hulinganisha, hubisha, pengine hucheka. Kushukuru hakumlazimishi kukubali. Kasoro iko kwingine: mradi uliundwa kuleta picha vijijini, si kuzitoa huko na kuzipeleka Beijing.