Nani Atamjibia Mtu?

Kila aliyesikia habari za Yosefu na za Musa anaijua Misri, nchi ya mto Nili na ya wafalme walioitwa Farao. Watu wa kale wa nchi hiyo waliamini kwamba kifo hakimmalizi mtu. Kwa hiyo waliwatunza wafu wao kwa bidii: waliikausha maiti isioze, wakaifunga kwa vitambaa vya kitani, wakaweka kaburini vyakula, vyombo na sanamu.

Sanamu nyingine zilikuwa mfano wa marehemu mwenyewe. Walisema kwamba nguvu ya uhai wake, waliyoiita ka, hukaa ndani ya sanamu na kupokea sadaka. Mfalme Djoser, aliyetawala yapata miaka 2650 kabla ya Kristo, alichongewa sanamu ya jiwe, ikafungiwa katika chumba kidogo huko Saqqara. Ukutani, mbele ya macho yake, yalitobolewa matundu mawili ili aone nje.

Sanamu nyingine zilikuwa ndogo, za mti, za jiwe au za kauri ya buluu. Nyingi zilishika majembe na kubeba vikapu. Hapo mwanzo moja ilitosha, nayo ilisimama badala ya marehemu. Baadaye zikaongezeka, zikawa kundi zima la watumishi. Sababu yake ni hii: walidhani kwamba ahera pia kuna mashamba ya kulima, mifereji ya kujaza maji na mchanga wa kuvusha, na kwamba wafu wataitwa kazini kama mfalme alivyowaita watu wake duniani. Basi maneno yaliyoandikwa juu ya sanamu yaliiagiza kwamba, marehemu aitwapo, yenyewe iitike na kwenda. Katika kaburi la mfalme Tutankhamun, lililofunguliwa mwaka 1922, zilionekana sanamu za namna hiyo 413: wafanyakazi 365, mmoja kwa kila siku ya mwaka, wanyapara 36, na wakubwa 12 wa miezi.

Mtu asiwacheke upesi. Anayewapenda wazazi wake huwatakia pumziko. Tena Wamisri walijua kwamba mtumishi hutumika kwa haki akiisha kulipwa. Iko hati ya yapata miaka 900 kabla ya Kristo, ambamo fundi anakiri kwamba amepokea fedha yote ya sanamu 401, ili zimtumikie marehemu.

Lakini swali linabaki: je, mtu aweza kumweka mwingine ajibu mahali pake?

Wamisri wenyewe walilikuta swali hilo. Walifundisha kwamba baada ya kifo moyo wa mtu hupimwa katika mizani, na upande wa pili huwekwa unyoya, alama ya kweli na haki. Hapo sanamu hazikuitwa, wala mnyapara hakuwa na kazi. Moyo ule ule uliotenda ndio uliopimwa. Nao waliogopa, kwa maana walilaza juu ya kifua cha maiti jiwe lenye umbo la mdudu, limeandikwa maneno ya kuusihi moyo usimshuhudie vibaya mwenyewe. Hawaombi hivyo ila watu wanaojua kwamba shahidi yumo ndani.

Basi yapasa kupambanua. Kazi ya mikono yaweza kupokewa na mwingine. Mjukuu humchotea maji bibi yake mgonjwa. Ndugu humlimia ndugu aliyevunjika mguu. Huo ni upendo, wala hauna lawama. Lakini tendo la moyo halina mjumbe. Mtu aliyesogeza mpaka wa shamba la jirani aweza kumtuma mdogo wake apeleke kuku wa kuomba radhi. Kuku atafika, na jirani atampokea. Lakini ikiwa mwenye kosa amekaa barazani pasipo kujuta, hakuna kilichotengenezwa. Kuku hupelekwa na mtoto, majuto hayapelekwi.

Sanamu nyingi za makaburi ya Misri zimewekwa leo katika nyumba za makumbusho, zingali zimeshika majembe yao. Zimengoja maelfu ya miaka kumwitikia bwana wao katika kazi ya shamba. Katika habari ya moyo wake hazikuagizwa neno, kwa kuwa hapo huitwa mtu mwenyewe, kwa jina lake.