Kutunza si Kuficha

Je, msomaji, yafaa mtu aikimbie dunia ili moyo wake ubaki safi? Tazama Uingereza. Motokaa ndogo za mbio ziitwazo MGB ziliundwa huko kati ya 1962 na 1980, na nyingine zingali zikienda. Majira ya baridi, chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Huwaokoa wasafiri, lakini hula chuma. Mwenye motokaa akiifungia bandani, betri hufa na breki hushika kutu. Basi mwenye busara huiendesha, hutia katika rejeta dawa ya kuzuia maji yasigande, na kila arudipo huiosha uvunguni. Na moyo ni vivyo hivyo. Ishi na watu, lakini kila jioni jichunguze, uoshe uchafu ulioupata njiani.