Una Bahati, Umechaguliwa



Nawaandikia nikiwa likizo nyumbani, Masoko, Rungwe. Hapa kwetu wazee husimulia kwamba Wajerumani walizamisha hela zao ziwani wakati wa vita, na kila kizazi kina kijana anayetamani kupiga mbizi. Siku hizi ziwa hilo liko kwenye simu.

Rafiki yangu ana diploma ya kompyuta. Alikaa miaka miwili bila kazi. Siku moja akanionyesha ujumbe wa Telegram: "Hongera! Una bahati, umechaguliwa." Ulitoka kwa mtu aliyejiita wakala wa kampuni ya teknolojia huko Thailand. Mshahara dola 1,000 kwa mwezi, tiketi juu yao. Usaili ulikuwa wa dakika kumi, kwa kuchati tu.

Akaniuliza, "Frateri, unaonaje?"

Mimi na digrii yangu ya falsafa, niliyefundishwa kuuliza "kwa nini" kila saa, sikuuliza swali hata moja. Nikamwambia, "Mungu ni mwema, nenda." Jumuiya ikachanga nauli ya kwenda Dar, tukamwombea.

Kutoka Bangkok alipakiwa kwenye gari hadi mpakani, akavushwa mto usiku. Kumbe ng'ambo ni Myanmar. Pasipoti ikachukuliwa. Kazi yenyewe ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta saa kumi na sita kwa siku, kwa jina na picha za msichana asiyekuwepo, kuwalaghai wazee wa nchi za mbali mpaka watume akiba zao. Asiyefikisha lengo alipigwa. Aliyetaka kuondoka alidaiwa maelfu ya dola.

Hayuko peke yake. Februari 2025 watu wapatao 260 walitolewa kwenye kambi za namna hiyo na kuvushwa kurudi Thailand, wakiwemo Waethiopia wengi na Wakenya.

Rafiki yangu amerudi. Jumapili ya juzi, wakati wa Komunyo, alibaki kwenye benchi. Nilimfuata nje. Akasema, "Frateri, kuna bibi mmoja alinitumia hela ya matibabu yake. Mimi nitapokeaje?"

Kanisa linafundisha kwamba kushurutishwa na hofu hupunguza hatia ya tendo, na huweza hata kuifuta (KKK 1735). Lakini mtu anayelia hapewi namba ya aya, na mimi si padre. Nilimsindikiza kwa miguu hadi kwa Paroko, nikasubiri nje. Alipotoka, nikaingia mimi. Na mimi nilikuwa na langu. Jana tulipanga mstari pamoja, yeye mbele, mimi nyuma.

Mtakatifu Yosefina Bakhita alitekwa huko Sudan akiwa mtoto, karne ya 19. Kwa hofu alisahau hata jina alilopewa na wazazi wake. Waliomteka ndio waliomwita Bakhita, yaani "mwenye bahati". Ni neno lilelile la bahati yetu! Aliuzwa mara kadhaa, akabaki na makovu mengi mwilini. Alipofikishwa Italia alimfahamu Bwana mwingine, ambaye naye alipigwa mijeledi, akabatizwa tarehe 9 Januari 1890. Tunamkumbuka 8 Februari, siku ambayo tangu 2015 Kanisa linawaombea wahanga wa biashara ya binadamu.

Mnaona? Wauza watu hawana neno jipya. Wanakuita mwenye bahati kabla hawajakufahamu. Mungu anaanza na jina lako (Isa 43:1), na halichukui kama pasipoti.

Kwa hiyo ukipata ujumbe kama ule, uliza: Wakala ana leseni? Mkataba uko wapi? Viza ni ya kazi au ya utalii? Wapo watu wa huduma za ajira wa serikali. Waulize kabla ya kupanda basi. Na wewe unayeombwa ushauri, usikimbilie "Mungu ni mwema". Ni mwema kweli, ndiyo maana ametupa akili.

Na akirudi mwenzako mikono mitupu, usimcheke kwamba alipenda vya bure. Kaa naye benchi moja. Wiki hii mtafute mmoja, hata kwa simu, umwite kwa jina lake.

Mtakatifu Yosefina Bakhita, utuombee.