Je, Kula kwa Huzuni ni Ulafi?



Habari za kupunguza uzito hospitalini zimetufikia hata sisi wa Kigoma na Ujiji. Huko Mloganzila, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, wako waliowekewa puto tumboni. Wengine hupasuliwa, wakapunguzwa mfuko wa tumbo. Watu wakizungumza habari hizi husikika hukumu mbili. Mmoja husema, "Ni ulafi tu, angejizuia." Mwingine, akimwona aliyepasuliwa amenenepa tena, husema, "Fedha zote zile bure!" Yafaa tuzipime hukumu hizi, kwa sababu anayehukumiwa ni ndugu yetu.

Kwanza tuelewe kazi yenyewe. Puto hujazwa maji, likakaa tumboni miezi kadhaa, kisha huondolewa. Katika upasuaji wa namna moja, karibu robo tatu ya mfuko wa tumbo hukatwa na kutolewa. Katika namna nyingine, iliyoanzishwa na Daktari Edward Mason huko Iowa, Marekani, mwaka 1966, hutengwa kifuko kidogo kikaunganishwa na utumbo. Tena haipungui nafasi ya chakula peke yake, bali hata kemikali za mwili zinazoamsha njaa hubadilika. Basi asemaye kwamba njaa ya mtu mnene ni uvivu wa nia tu, hajui jinsi mwili ulivyoumbwa.

Matokeo nayo hutofautiana. Kuanzia mwaka 1987 madaktari wa Uswidi waliwafuatilia watu wapatao 2,000 waliopasuliwa, pamoja na wengine idadi kama hiyo wasiopasuliwa. Taarifa yao ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba waliotengewa kifuko walipungua wastani wa asilimia 32 ya uzito wao katika miaka ya kwanza, na baada ya miaka 10 upungufu ulikuwa asilimia 25. Vifo pia vilikuwa vichache kwa waliopasuliwa. Kwa hiyo si kweli kwamba ni bure. Lakini wastani huficha watu: yuko aliyedumu, na yuko aliyerudi karibu na pale alipoanza.

Kwa nini? Sababu ni nyingi: miili haifanani, upasuaji haufanani, wala matunzo ya baadaye hayafanani. Lakini sababu moja yatuhusu sisi wa kanisa. Wako watu wanaokula kwa sababu ya upweke, hofu au msiba, na kisu cha daktari hakifiki huko. Mfuko mdogo hukataa sahani ya ugali wa muhogo na migebuka, lakini soda na chai ya sukari nyingi hupita funda kwa funda. Uchunguzi mmoja wa Marekani, uliotolewa mwaka 2012, uliona kwamba katika mwaka wa pili baada ya upasuaji matatizo ya ulevi yaliongezeka. Ni kama huzuni iliyofungiwa mlango mmoja ikatafuta mwingine. Twakumbuka mfano wa Bwana wetu katika Mathayo 12, wa nyumba iliyofagiwa na kupambwa, ila ikabaki tupu. Hakuna anayelaumu kufagia. Hatari ilikuwa ule utupu.

Sasa, je, ni ulafi? Mtakatifu Augustino, Mwafrika mwenzetu aliyezaliwa mwaka 354, alikiri katika kitabu cha 10 cha Maungamo yake kwamba alijifunza kukipokea chakula kama dawa, lakini mara nyingi alishindwa kutambua mahali haja inapokoma na tamaa inapoanza. Kama mwalimu mkubwa namna hiyo alishindwa kuuona mpaka huo ndani yake mwenyewe, sisi tutauonaje ndani ya jirani?

Wala kufarijiwa kwa chakula si dhambi. Katika 1 Wafalme 19, Eliya alipoomba kufa, malaika alimletea mkate na maji kabla ya neno lo lote la mafundisho. Lakini habari haikuishia kwenye mkate. Eliya alisafiri mpaka Horebu, na huko Mungu akamwuliza analofanya, naye akasema yote yaliyokuwa moyoni mwake. Nadhani hapa ndipo penye tofauti. Mlafi hutaka chakula kwa ajili ya chakula. Mwenye huzuni hutaka kusikilizwa, na asipompata msikilizaji huirudia sahani. Huyu wa pili hastahili lawama ya yule wa kwanza, ingawa naye anao wajibu: kusema kweli juu ya kinachomsumbua na kukubali msaada.

Tukumbuke pia kwamba mlevi anaweza kuiacha pombe kabisa. Anayejaribiwa kwa chakula hawezi kukiacha. Hukutana na mjaribu wake kila siku mezani. Vita kama hivyo si vya mtu mmoja.

Basi sisi tufanye nini? Tuache kupima roho ya mtu kwa kiuno chake, awe amenenepa au amekonda. Mgeni akisema ameshiba, tusimlazimishe kwa maneno ya kwamba ametudharau. Na zaidi ya yote, tuangalie desturi yetu ya msiba. Twajua sana kupika: masufuria ya wali, maharage na dagaa hayakosekani mpaka matanga yaishe. Kisha turubai hukunjwa, kila mtu huenda kwake, na mjane hubaki jioni peke yake na chakula kilichosalia. Tumemlisha, lakini hatukwenda naye Horebu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi, apigiwe hodi. Tusibebe chungu siku hiyo. Tukae naye, tumwulize, tunyamaze, tumsikilize.

Bwana awe nanyi.