Kutu Chini ya Rangi

Jioni moja chini ya mwembe hapa Kibaha yalizuka mabishano ambayo hayajaniacha hata leo. Swali lilikuwa hili: Mtu akiificha kutu ya chombo chake kwa rangi, asiseme neno, na mwenzake akaumia kwa chombo kile, je, amedanganya? Wengine walisema, Hakudanganya, maana hakufungua kinywa. Wengine walisema, Kutu ni kazi ya dunia, haina mshitakiwa. Mimi nilinyamaza, kwa kuwa mtu yule waliyemsema pasipo kumjua ndiye mimi. Nitaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha tulipime pamoja.

Sisi watu sita tulishirikiana kununua tela la kuchukulia mashua. Mashua yetu huvua Bagamoyo, na kila yafikapo matengenezo huletwa Kibaha kwa njia ya Mlandizi, ili fundi aishughulikie karibu na nyumbani. Tela huingizwa majini mpaka mashua ielee juu yake, kisha huvutwa na gari. Hivyo magurudumu na ekseli, yaani ule mhimili unaoyashika, huzama katika maji ya chumvi mara nyingi kwa mwaka. Nasi tulipofika nyumbani tulikuwa tukiitunza mashua, tukalisahau tela.

Siku moja nililala chini ya tela nikitafuta nati iliyoanguka, nikaona kwamba mahali ambapo ekseli imeungana na fremu pamevimba. Nikagusa kwa kidole, magamba yakadondoka. Nilijua maana yake. Lakini ulikuwa mwisho wa mwezi, fedha hakuna, na kuwakusanya wenzangu watano kwa mchango ni kazi ya majuma mawili. Nikasugua juu juu, nikapaka rangi ya buluu iliyobaki koponi. Tela likang'aa kama jipya.

Juma lililofuata akaja mzee mmoja wa Kisarawe, jamaa ya mke wangu, kuliazima ili apeleke mashua ya wanawe pwani. Akalizunguka, akaniuliza, "Mwalimu, ni zima hili?" Nikamjibu, "Baba, si unaliona mwenyewe?" Akacheka, akashukuru, akalichukua. Katika mteremko wa kutoka Kisarawe kwenda Pugu ekseli ilikatika palepale chini ya rangi yangu. Mashua ikaanguka, mbavu zake zikavunjika, na mjukuu wake aliyekuwa akitembea kando akavunjika mguu. Kijana alipona, lakini hata sasa anachechemea. Mzee hakunidai hata senti moja. Alisema, "Ni ajali, mwanangu." Neno hilo ndilo lililoniondolea usingizi kuliko lawama yoyote.

Basi, na tuyapime maneno ya wanaonitetea, moja baada ya jingine.

Neno la kwanza: Kutu ni kazi ya dunia. Hili ni kweli, na ni vema tuijue kazi hiyo. Chuma aghalabu hutolewa katika mawe ambayo ndani yake kimeungana na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayotupa uhai, na watu hukitenga kwa moto mkali wa makaa. Ufundi huu ni wa kale katika nchi yetu. Wachunguzi wa mambo ya kale, Felix Chami miongoni mwao, walichimba mahali paitwapo Limbo, wakakuta mavi ya chuma yaliyoachwa na watu waliokiyeyusha hapo karibu miaka elfu mbili iliyopita. Chuma kikikaa penye maji na hewa huanza kurudi kilikotoka. Huungana tena na oksijeni, kikawa kutu. Chumvi huiharakisha kazi hiyo, tena huvuta unyevu wa hewa, chuma kisipate kukauka upesi. Na kutu hutaka nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Kwa hiyo huvimba, huinua rangi, na kuyafungulia maji mengine njia.

Ni kazi ya dunia, nakubali. Lakini mvua nayo ni kazi ya dunia, na mtu aliyeacha paa lake likaoza hawezi kuishitaki mvua. Jambo lisilo na nia lina kanuni, na kanuni ikiisha kujulikana huwa wajibu juu ya aliyeijua. Kutu haikunihukumu, kilichonihukumu ni kuijua.

Hapa nitaleta mfano wa mbali. Huko Marekani palikuwa na daraja juu ya mto Ohio, lililoitwa Silver Bridge, lililojengwa mwaka 1928. Tarehe 15 Desemba 1967 lilianguka ghafula jioni, magari yakiwa juu yake, wakafa watu 46. Uchunguzi ulionyesha kwamba ufa mdogo sana, uliokuzwa na kutu ndani ya kiungo kimoja cha chuma, ndio uliolivunja. Mahali pale palikuwa pamefichika hata mkaguzi asingeweza kupaona ila kwa kukifungua kiungo chenyewe. Tangu hapo serikali ya nchi ile ikaweka kanuni za kukagua madaraja yote kwa nyakati maalumu. Tazameni tofauti. Mkaguzi wa daraja lile hakuficha kitu, maana hakukiona. Na maafa yalipowafundisha, kutojua kwao kuligeuka kuwa wajibu mpya. Mimi kwa kidole changu niliyashika magamba, kisha nikayafunika. Hatuwezi kuitwa kwa jina moja.

Neno la pili: Mzee alikuwa na macho, naye alilizunguka tela mwenyewe. Neno hili lina nguvu, na mimi nalo nililishika muda mrefu. Lakini mbona nilipaka rangi? Kama ningelipaka ili kuzuia maji, ningelikwangua kwanza mpaka chuma cheupe, maana kila fundi anajua kwamba rangi iliyopakwa juu ya kutu haishiki. Rangi yangu haikuwa na kazi juu ya chuma. Ilikuwa na kazi juu ya macho ya watu. Nilimwambia mzee, Unaliona mwenyewe, hali nilikuwa nimemziba asione. Kila neno katika jibu langu lilikuwa kweli, na jibu lenyewe lilikuwa uongo. Ndiyo maana nasema kwamba uongo haukai katika maneno peke yake. Hukaa katika kusudi la kumfanya mwenzako aamini lisilo kweli, iwe kwa kinywa, au kwa brashi, au kwa kunyamaza pale anapokuuliza.

Neno la tatu: Tela lilikuwa mali ya watu sita. Basi hatia igawanywe, kila mtu apate sehemu ndogo. Ndugu zangu, fedha hugawanyika, na nyama hugawanyika, lakini wajibu haugawanyiki hivyo. Kila mmoja wetu aliona tela likirudi limelowa chumvi, kila mmoja akadhani mwenzake atalisafisha. Watu sita wakingojeana, tela halina mlinzi hata mmoja. Wenzangu watano wana kosa, nalo ni hili, kwamba hawakuchagua mtu wa kulitunza. Lakini kosa lao halipunguzi langu. Wao walighafilika, mimi nilijua.

Labda msomaji ataniuliza, Kama kila mtu atalazimika kutaja kila kasoro, nani ataweza kuuza au kuazimisha kitu chochote? Swali hili ni la haki. Sisemi mtu ahesabu kila mkwaruzo. Kipimo ninachokiona ni hiki: lile ambalo laweza kumdhuru mwenzako, au ambalo lau angelijua angebadili shauri lake, hilo halina budi kusemwa, hata kama hakuuliza. Akiuliza, ndipo hakuna tena mlango wa kutokea.

Sasa nitawaeleza tulivyofanya baadaye, kwa maana katika kazi ile nilijifunza zaidi kuliko katika mabishano ya mwembeni. Mlio na mikokoteni, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, au baiskeli, mtaona kwamba kanuni ni zile zile.

Kuzuia ni rahisi kuliko kutengeneza. Tela likitoka baharini, lioshwe siku ile ile kwa maji baridi mengi, ndani ya mabomba ya fremu pia, na matundu ya kutolea maji yazibuliwe, kwa sababu bomba lililoshika maji huliwa toka ndani pasipo kuonekana. Gurudumu lililotoka safarini likiwa moto lipoe kwanza kabla ya kuingizwa majini, kwani beringi zikipoa kwa ghafula huvuta maji ndani. Nazo zitiwe grisi mara kwa mara. Fremu iliyochovywa katika zinki, kama lilivyo bati la paa, hudumu zaidi. Zinki ina tabia ya ajabu: hata ikikwaruzwa, huliwa yenyewe kwanza, ikikiokoa chuma kilicho karibu nayo. Lakini nayo huisha, kwa hiyo yafaa kuangaliwa.

Kutu ikiisha kuingia, kazi huanza kwa nyundo. Gonga kila mahali: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa hutoa sauti nzito, magamba yakaanguka. Kisha kwangua kwa patasi na brashi ya waya, malizia kwa msasa, mpaka chuma king'ae. Hapo utaona ukweli. Ikiwa kutu ilikuwa juu tu, osha chumvi yote, kausha vizuri, paka rangi ya kwanza ya kuzuia kutu siku ile ile, kisha rangi za juu. Ikiwa chuma kimekuwa chembamba au kimetoboka, usijaze tundu kwa gundi ukapaka rangi. Kata sehemu mbovu mpaka ufike penye chuma kizima, uunge chuma kipya. Na penye zinki, iondolewe kwanza pale patakapoungwa, tena fundi akae penye upepo, kwani moshi wa zinki huleta homa.

Katika kazi hii kukwangua huumiza moyo, maana tundu ulilodhani ni la ukubwa wa ukucha laweza kuwa la ukubwa wa kiganja. Ndivyo lilivyokuwa letu. Wenzangu walipoliona walishangaa, wakasema nimeliharibu tela. La, sikuliharibu; nililifunua. Wahenga walisema, Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ekseli mpya ilipofungwa, nikaenda Kisarawe. Nilimwamkia mzee, nikaketi, nikamweleza yote: magamba, kopo la rangi, na jibu langu. Mjukuu wake alikuwa ameketi karibu, akisikiliza. Mzee alinyamaza kitambo kirefu. Nilitazamia hasira, na ningeipokea. Mwisho akaniuliza, "Na hilo tela sasa liko wapi?"

Nikamjibu, "Liko Kibaha, Baba. Tumelikata palipooza, tukaunga chuma kipya."

"Mmekwisha paka rangi?"

"Bado pale palipoungwa."

"Msipake kwanza," akasema. "Nitakuja na kijana huyu apaone."

Walikuja Jumamosi. Kijana aliinama kwa shida chini ya tela, akapitisha mkono wake juu ya kiungo chote, akagonga kwa nyundo, akasikiliza. Kisha akasema, "Sasa pakeni." Mbao za mashua yao tumezilipa sisi sita kwa miezi minane, na kila mwezi sehemu yangu ilikuwa mara mbili, kwa shauri langu mwenyewe. Mguu wa kijana hatukuweza kuulipa, wala sijui ni mali gani ingeutosha.

Kiungo kile tulikipaka rangi nyeupe, ingawa tela lote ni la buluu. Kila anayekuja kuliazima huuliza sababu, nami humweleza, kisha humpa nyundo.