Hija ya Mbelekoni

Mtoto asiyetimiza miaka 2 hana kiti katika ndege. Husafiri mapajani mwa mzazi, na nauli yake mara nyingi huwa kama sehemu ya kumi ya nauli ya mtu mzima. Lakini mtoto huyohuyo akitoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda Makka na wazazi wake, huwa na pasipoti yake, viza yake, na kwa mujibu wa fiqhi huwa na hija au umra yake. Mama anapofungasha nepi, maziwa, dawa ya homa na nguo za kubadilisha, huweka katikati ya vitu hivyo vitambaa viwili vyeupe vidogo vya ihramu, ikiwa mtoto ni wa kiume. Baada ya siku chache ataitwa hujaji mtu ambaye bado hajui jina lake.

Inawezekanaje? Kila aliyepita madrasa alifundishwa mapema kwamba amali huenda na nia. Mtu akishinda bila kula pasipo nia ya kufunga, ameshinda na njaa tu. Mtoto wa miezi 8 anajua titi, anajua harufu ya mama yake, anajua kwamba amelowa na hapendi. Nia ya kumwabudu Mungu hana, wala hawezi kuwa nayo. Isitoshe, hatakumbuka chochote. Kumbukumbu za mwanzo za watu wengi huanzia umri wa miaka 3 au 4, yaliyotangulia hufutika. Kaaba aliyoiona akiwa mbelekoni ataijua kwa kusimuliwa na kwa picha za simu, kama mtu asiyewahi kufika.

Swali hili liliulizwa zamani, na aliyeliuliza alikuwa mama aliye njiani. Katika mkusanyiko wa hadithi wa Imamu Muslim, Ibn Abbas anasimulia kwamba Mtume (S.A.W.) alikutana na msafara mahali paitwapo Rawhaa, kwenye njia ya kutoka Madina kwenda Makka. Wasafiri walipojua wanayezungumza naye ni nani, mwanamke mmoja alimwinua mtoto wake juu, akauliza kama huyu naye ana hija. Akajibiwa kwamba anayo, na kwamba yeye mama ana thawabu.

Jibu lilipita swali. Mama aliuliza habari za mtoto, akapewa na zake. Hakutaja mikono iliyochoka, wala usiku wa kunyonyesha juu ya ngamia, wala vumbi. Pengine hakuona kwamba mambo hayo yana uhusiano wowote na ibada. Aliyejibu aliona.

Wanafiqhi walilichukua jibu hilo wakalifanyia kazi kwa makini ya kustaajabisha. Kwa Mashafi, ambao ndio wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, mtoto asiye na tamyizi, yaani asiyeweza bado kupambanua mambo, hutiliwa nia na walii wake, msimamizi wake. Walii humwingiza katika ihramu, humvua nguo zilizoshonwa akiwa mvulana, na hupaswa kumlinda na yanayokatazwa kwa aliyehirimia. Hapo huzuka maswali yasiyokuwapo zamani: vitambaa vya kumfutia mtoto vyenye manukato, na nepi yenyewe, ambayo baadhi ya wanazuoni wa leo wameiruhusu kwa kuwa haikwepeki. Kwenye Jamarati walii hurusha vijiwe kwa niaba ya mtoto, akiwa amesharusha vyake kwanza. Kwenye tawafu wote wawili wawe na tahara, kwa hiyo mtoto hutawadhishwa, kidole kwa kidole, huku akivuta mkono wake.

Lakini pana mpaka. Vijiwe atarushiwa, nia atatiliwa, ila hakuna wa kusimama Arafa badala yake. Lazima afikishwe yeye mwenyewe. Hakuna wa kumzungukia Kaaba akiwa amelala hotelini; lazima abebwe, azungushwe mara 7. Wako wanazuoni wa Kishafi walioandika hata kwamba bega la kushoto la mtoto ndilo linalopasa kuelekea Nyumba, kama la mtu mzima. Mama aliyemfunga mwanawe mgongoni kwa mbeleko hana shaka, kwa kuwa mtoto anatazama anakotazama yeye na kushoto kwao ni kumoja. Baba aliyempakata kifuani wakitazamana ndiye wa kujiuliza, kwa sababu kushoto kwake ni kulia kwa mwanawe.

Jambo hili linastahili kutafakariwa polepole. Tumezoea kudhani kwamba mtu ni akili yake, na mwili ni chombo cha kuibebea. Kwa fikira hiyo, kumsafirisha mtoto mchanga ni kusafirisha mzigo wenye sauti, kwani mwenyewe hasa hajaja bado. Fiqhi ya hija ya mtoto imepindua mpango huo. Nia, tunayoiona kuwa ya ndani na ya siri kuliko vyote, ndiyo inayoazimika. Kisichoazimika ni kilo 7 za nyama na mifupa zinazolala bega la mama. Mtoto yupo kikamilifu kwa kuwa mwili wake upo, na hilo linatosha kumwandikia safari.

Si wote walioafikiana. Mahanafi waliiona hija ya mtoto zaidi kama mazoezi ya kheri, wakasema ihramu haimfungi wala haimpasi kutoa fidia akikosea. Na wengi, wakiwamo Mashafi, wanakubaliana kwamba haimwondolei faradhi: akibaleghe na akipata uwezo, itampasa ahiji tena. Wapo wanaokata tamaa wakilisikia hilo, wakiuliza faida ya gharama yote ile ni nini. Lakini swali hilo linadhani kwamba thamani ya jambo ni kile kinachobaki mkononi mwa mtendaji. Mtoto hakumbuki pia kunyonyeshwa, na hakuna anayesema maziwa yale yalipotea.

Kukumbuka nako kuna nafasi yake. As-Saib bin Yazid alichukuliwa hija pamoja na Mtume akiwa na miaka 7, na alipokuwa mtu mzima alilisimulia jambo hilo mwenyewe, na Imamu Bukhari amelipokea katika mkusanyiko wake wa hadithi. Mtoto mwingine wa hija hiyohiyo ya kuaga, ya mwaka 10 Hijria, yaani 632, hakuwa na cha kusimulia. Asma bint Umays, mke wa Abu Bakr, alijifungua Dhul-Hulayfa, kilomita chache tu nje ya Madina, safari ndiyo kwanza inaanza. Aliagizwa aoge, ajifunge kitambaa, ahirimie. Hakurudishwa nyumbani. Mbele yake palikuwa na zaidi ya kilomita 400 za jangwa, na mtoto wa siku moja, Muhammad bin Abi Bakr, ambaye baadaye alikuja kuwa gavana wa Misri. Tunajifunza kutoka kwa Asma hukumu ya mzazi aliye katika nifasi, damu ya uzazi, akienda hija, na hukumu hiyo ilipatikana kwa sababu kulikuwa na mtoto mchanga njiani.

Hata hivyo, kama mwili ndio unaohesabiwa, basi mwili ndio unaoungua. Juni 2024, joto katika Msikiti Mtakatifu wa Makka lilifika nyuzi 51.8 za Selsiasi. Mahujaji walikuwa zaidi ya milioni 1.8, na serikali ya Saudia ilitangaza vifo 1,301, vingi vikiwa vya watu wasio na kibali waliotembea juani bila hema wala basi. Mwaka uliofuata Saudia ilizuia watoto kuandamana na mahujaji, kwa sababu ya hatari ya msongamano. Wazazi waliokuwa wamejiandaa walihuzunika, na huzuni yao ina haki. Lakini uamuzi ule ulikuwa sawa. Mtoto hana faradhi ya hija. Kulinda uhai wake ni faradhi ya mzazi, na haiingii akilini kuihatarisha faradhi kwa ajili ya sunna. Mama wa Rawhaa alimwinua mwanawe mbele ya msafara mmoja wenye nafasi ya kusimama na kuulizana hali. Leo, anayemwinua mtoto juu katika msongamano wa Mina huenda anatafuta hewa ya kumvutisha.

Umra imebaki, na familia nyingi za pwani huenda katika miezi isiyo na joto kali. Huko ndiko mzazi anakogundua kwamba mtoto amempangia ibada upya. Alitaka kukaa msikitini toka magharibi hadi isha. Mtoto amechoka saa moja na nusu. Alitaka rakaa ndefu, mtoto analia. Hapa pia mfano upo tangu zamani. Mtume alikuwa akiingia katika swala akitaka kuirefusha, akisikia kilio cha mtoto huifupisha, akijua mama yake amekwisha kushikwa na wasiwasi. Na aliwahi kuswali akiwa amembeba mjukuu wake Umama binti wa Zaynab, akimweka chini anaposujudu na kumbeba tena anaposimama. Yote mawili yamo katika Bukhari na Muslim. Imamu mwenyewe, mbele ya safu, mtoto begani.

Kisha inakuja sai. Kati ya Safa na Marwa ni kama mita 450, mara 7, jumla kilomita 3 na ushei. Siku hizi ni ukumbi wenye sakafu ya marumaru na hewa ya ubaridi, na vigari vya magurudumu vina njia yake. Asili yake ni Hajara, mama aliyeachwa na mtoto wa kunyonya katika bonde lisilo na mmea, maji yakamwishia, maziwa yakamkauka. Alipanda Safa akatazama, akashuka, akapanda Marwa akatazama. Alipofika chini bondeni aliinua pindo la nguo yake akakimbia kama mtu aliyelemewa. Bonde lenyewe sasa limesawazishwa, na mahali pake pamewekwa taa za kijani.

Chini ya taa hizo wanaume hukimbia mwendo wa matiti. Wanawake, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, hawakuamriwa kukimbia hapo, hutembea. Kwa hiyo mama aliyembeba mtoto huenda hatua kwa hatua, akiirudisha mbeleko inayoteleza, huku wanaume wasio na mtoto mkononi wakimpita pande zote mbili wakikimbia mbio za mama.