Haki ya Mtu Katika Picha Yake

Twamhimidi Mwenyezi Mungu, Msitiri wa aibu za waja Wake, na twamsalia Mtume Wake Muhammad, na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu! Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, maji yalishuka kwa nguvu katika kijiji cha Kamuchiri, karibu na Mai Mahiu, katika kaunti ya Nakuru, yakachukua nyumba na watu. Waliokufa walizidi 40. Na kabla yake, usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa lilibomoka huko Solai, katika kaunti hiyo hiyo, wakafa watu wasiopungua 47.

Yakizuka mambo kama haya huko bara, picha hutufikia sisi watu wa pwani kwa simu kabla maiti hajakafiniwa. Nasi twafanya nini? Twasema "Inna lillahi", kisha kidole hicho hicho chapeleka picha kwa mwengine. Huenda kati ya watakaoipokea yumo mama ambaye hajapata khabari ya mwanawe.

Hatusemi kuwa kupiga picha ni haramu. Wanazuoni wamekhitalifiana, na Sheikh Muhammad Bakhit, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliijuzisha picha ya kamera kwa hoja kuwa ni kukizuia kivuli, wala si kuumba. Wazee wetu walikwenda studio, kama ile ya Ranchhod Oza iliyofunguliwa Unguja mwaka 1930. Mtu alivaa vizuri, akakaa kwa ridhaa yake, na picha akaichukua nyumbani. Alijua ni nani atakayeiona.

Leo, katika mitandao ya kijamii, mambo yamegeuka. Mwenye sura haulizwi, na ujira wa mpiga picha ni hisabu ya waliotazama na waliopenda. Basi hatafuti tena kilicho kizuri wala kilicho kweli. Hutafuta kitakachoshitua macho. Kwa njia hii fani nzuri imeharibika, na pamoja nayo zimeharibika tabia zetu katika mambo matatu.

La kwanza ni haki ya maiti. Mtume (s.a.w.) amefananisha kuvunja mfupa wa maiti na kuuvunja akiwa hai, na mwenye kumwosha maiti akaificha aibu yake ameahidiwa msamaha. Basi ni ipi hali ya mwenye kuifunua mbele ya maelfu? Wala asiseme mtu kuwa wengi wa waliokufa huko si Waislamu; Mtume alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, kwa kuwa nayo ni nafsi.

La pili ni ukweli. Khabari za mwanzo za Mai Mahiu zilisema bwawa limepasuka. Baadaye Wizara ya Maji ikaeleza kuwa ni njia ya maji chini ya reli iliyokuwa imeziba. Khabari ya kwanza ilikwisha enea. Nasi tumeamrishwa katika Suratul Hujurat kuhakikisha khabari kabla ya kuitendea kazi.

La tatu ni riyaa. Twamkabidhi aliyefikwa na mafuriko gunia la unga, kisha twamwambia atazame kamera. Unga ataula siku chache; picha yake ya kupokea itabaki watoto wake waione. Sadaka ya siri imesifiwa hata mkono wa kushoto usijue kilichotolewa na wa kulia. Yetu yajulikana mpaka Ulaya.

Mtu atatuambia: "Je, Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, hakupiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984, na dunia ikaleta msaada?" Ni kweli, na kazi ile ilikuwa kheri kubwa. Lakini yeye alikwenda kuwaonyesha wenye uwezo wa kuokoa walio hai. Picha ya maiti iliyotumwa kwa jirani yako wa Mombasa inamwokoa nani?

Serikali ya Kenya ilitunga Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019, na mwaka 2023 shule moja ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Ni haya kwetu kuiogopa faini kuliko tunavyoiogopa hisabu ya Akhera.

Basi kabla ya kupiga picha, omba idhini. Kabla ya kuipeleka, jiulize: lau huyu angekuwa mamangu, ningeridhika? Na ikikufikia picha ya maiti, ifute, umwombee dua mwenyewe, na ikiwezekana wapelekee jamaa zake msaada kwa siri. Khabari mbaya ikikoma kwako, umepata fungu katika sitara.

Ewe Mola, tusitiri duniani na Akhera, na utujaalie tuwe wenye kuwasitiri waja Wako. Amin.